Pumwani wana nyumba, Kibra wana ardhi: nani tajiri?

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo nimeisikia tangu nikiwa chuoni Mombasa, na siku zote nikidhani imesemwa kwa ajili ya wenye maduka, wale wanaokopesha sukari na mchele kisha wakasahau nani anadaiwa nini. Sikujua kwamba iko siku nitaikuta imekaa kitako ukumbini mwa nyumba ya marehemu mjomba wangu huko Majengo, Pumwani, mjini Nairobi, ikitungojea sisi sote tuliokuja kuamua nyumba hiyo iuzwe au isiuzwe.

Habari ilinifika kwa simu, baada ya sala ya Isha. Aliyepiga ni mkaza mjomba, mama ambaye umri wake sasa ni miaka themanini na ushei, na ambaye si mtu wa kupiga simu ovyo.

"Mwanangu, njoo," aliniambia. "Watoto wamepata mnunuzi. Mimi sina neno nao, lakini nataka nijue chumba changu kiko wapi katika hizo pesa."

Maneno hayo yalinikosesha usingizi. Asubuhi ya pili nilifunga safari, na jioni yake nilikuwa nimeketi barazani Majengo, nikinywa kahawa ya tangawizi na kuwatazama watu wakitoka soko la Gikomba na marobota yao ya mitumba.

NYUMBA YA MAHAMRI

Ndugu msomaji, nyumba hiyo ina hadithi yake. Aliyeijenga hakuwa mjomba bali mamake mjomba, dada wa nyanya yangu, aliyepanda garimoshi kutoka Mombasa katika miaka ya 1930 akiwa na sinia, mchi na kinu, na ujuzi wa kupika mahamri. Kila siku aliamka kabla ya Alfajiri, akakanda unga, na kulipokucha vibarua walimkuta tayari na mahamri, mbaazi na chai ya rangi. Senti kwa senti, haba na haba, akapata fito, udongo na mabati ya kuezekea. Akajenga nyumba ya Kiswahili kama zile za kwao: ukumbi katikati, vyumba vinne huku na vinne huku, uwani nyuma, na baraza mbele. Chumba kimoja akalala mwenyewe, saba akapangisha.

Hakuwa peke yake. Mji wa Nairobi ulianza na reli mwaka 1899, na pamoja na reli walikuja wapagazi, wapishi, wafanya biashara na maaskari waliostaafu, wengi wao Waislamu kutoka pwani na waliosilimu njiani. Vijiji vyao vya kwanza viliitwa kwa majina ambayo mtu wa pwani akiyasikia hutabasamu: Pangani, Mombasa, na hata Maskini. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 wakuu wa mji waliamua kuwakusanya Waafrika mahali pamoja, wakapima viwanja Pumwani na kuwaambia watu wajenge. Vijiji vya zamani vikavunjwa kimoja baada ya kingine, Pangani ikiwa ya mwisho, mwishoni mwa miaka ya 1930.

Katika hao waliojenga Pumwani, wengi walikuwa wanawake. Watafiti kama Janet Bujra na Luise White wameandika habari zao kwa urefu: namna wanawake wasio na mume wala shamba walivyopata nyumba mjini wakati ambapo wanaume wengi walikuwa na kitanda tu katika nyumba ya tajiri. Wapo waliouza vyakula, wapo waliouza pombe, na wapo waliopata pesa kwa njia ambazo si kazi yetu leo kuwahukumu, maana wamekwisha tangulia mbele ya haki. Lakini nyumba walizojenga zililea watoto, zikasomesha yatima, na kodi zake zikatia mafuta katika taa za misikiti.

Jambo moja tu halikuwapo. Baraza la mji liliwapa watu kibali cha kujenga, halikuwapa ardhi. Kuta zilikuwa za mwenye nyumba, kiwanja kilikuwa cha baraza. Karatasi aliyokuwa nayo bibi yetu ilikuwa leseni ya muda, ya kulipiwa na kufanywa upya, na neno "muda" lilikuwa limeandikwa juu kabisa. Muda huo sasa unakaribia miaka mia moja.

Msomaji wa Mombasa hatashangaa. Kule kwetu Majengo na Kisauni, nyumba bila ardhi ni jambo la kawaida: mtu ana nyumba yake, mwingine ana ardhi yake, na mwisho wa mwezi mwenye nyumba humpelekea mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Tuliyajua hayo tangu sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, iliyowataka watu wa ukanda wa pwani wapeleke madai yao yaandikwe. Walioandikisha walipata hati, na ardhi isiyodaiwa na mtu ikahesabiwa kuwa ya serikali. Wengi waliokuwa wakilima kwa babu na babu waliamka wakaitwa maskwota. Basi bibi yetu aliondoka katika mji wa nyumba bila ardhi akaenda kujenga nyumba nyingine bila ardhi, maili mia tatu bara.

HESABU YA VYUMBA VINANE

Bibi alipofariki nyumba ilimwendea mwanawe wa pekee, ndiye mjomba. Mjomba naye alifariki mwaka 1998, akaacha mjane, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Kadhi aligawa mirathi, na kila nikiikumbuka hesabu ile husema subhanallah, kwa jinsi ilivyolingana. Mke hupata thumuni, yaani sehemu moja katika nane, na zinazobaki saba huwaendea watoto, mwanamume akichukua sehemu mbili na mwanamke moja. Wana wawili sehemu nne, mabinti watatu sehemu tatu. Nyumba ina vyumba vinane: mama akapata chumba kimoja, kila binti kimoja, kila mwana viwili. Hapakuwa na ugomvi.

Lakini watu hufa na vyumba haviongezeki. Miaka michache iliyopita mwana mkubwa alifariki, naye akaacha mke na watoto. Katika vyumba vyake viwili mama yake alistahiki sudusi, yaani sehemu moja ya sita. Piga hesabu, msomaji: sudusi ya vyumba viwili ni thuluthi ya chumba. Nani atapangisha thuluthi ya chumba? Nani ataipiga chokaa? Na wale watoto wa marehemu watakapokuwa na watoto wao, chumba cha bibi muuza mahamri kitagawanywa kwa upana wa mkeka.

Hapo ndipo nilipoelewa umaskini wa Pumwani ulivyo. Si umaskini wa uvivu. Nyumba ingali inaleta kodi kila mwezi, wapangaji wengi ni wachuuzi wa Gikomba na mafundi wa jua kali wa Kamukunji, na chumba hakikai wazi hata siku tatu. Lakini kodi ni ya chumba cha udongo, na haiwezi kupanda kuliko udongo wenyewe. Ili ipande lazima nyumba ijengwe upya, kwa mawe, ipande ghorofa. Ili ijengwe upya lazima zipatikane pesa, na benki haikopeshi juu ya leseni ya muda. Mwenye hati huenda na hati yake akarudi na mkopo. Mwenye leseni huenda na leseni yake akarudi nayo.

Kwa hiyo mnunuzi anapokuja na fedha taslimu, akasema yeye hajali karatasi, atazifuata mwenyewe huko ziliko, hatoi bei ya kiwanja kilicho hatua chache kutoka soko kubwa la mitumba. Anatoa bei ya udongo na mabati. Tofauti ya bei hizo mbili ndiyo urithi wenyewe.

SAFARI YA KIBRA

Binamu yangu wa pili, binti wa mjomba, ameolewa na Mnubi wa Makina, Kibra. Siku ya pili alinichukua kwenda kumwona shemeji, kwa kuwa, alivyoniambia njiani, "Wale wameshapata hati. Labda watatufundisha."

Nilipokewa vizuri. Chakula kiliwekwa chini ya tabaka, kile kifuniko cha ukili cha rangi nyingi ambacho mabibi wa Kinubi hukisuka kwa subira kubwa, na mama wa nyumba alikuwa amevaa gurbaba yake. Baada ya kula na kunawa, shemeji aliegemea mto akaanza kusimulia.

Wanubi hawakuja Nairobi kuuza kitu. Waliletwa na bunduki. Babu zao walikuwa maaskari wa Kisudani waliobaki na Emin Pasha katika jimbo la Ikweta, na mwaka 1891 Lugard akawachukua kutumikia Waingereza Uganda. Kutoka hapo wakaingia katika King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902, ambalo wazee wetu waliliita Keya. Jeshi lilitumia msitu wa pembeni mwa Nairobi kwa mazoezi tangu mwaka 1904, na baadaye likawakalisha humo maaskari waliomaliza utumishi pamoja na aila zao. Kwa Kinubi msitu ni "kibra", na jina likabaki. Mwaka 1918 eneo lile liliandikwa katika gazeti la serikali, ekari 4,197.

Wazee walipewa vipande vya ruhusa, si hati. Walilima, wakafuga ng'ombe, wakapanda miembe. Tume ya Carter iliyochunguza mambo ya ardhi Kenya, na kutoa ripoti yake mwaka 1934, ilisema Wanubi ni wapangaji tu wa Mfalme wa Uingereza, ingawa ilikiri kwamba serikali ina wajibu juu ya maaskari hao, ama iwarudishe kwao ama iwatafutie mahali. Wakarudishwa wapi? Kwao palikuwa ni jeshini.

Baada ya uhuru mitaa ilimega Kibra upande mmoja na mwingine: nyumba za serikali, nyumba za mashirika, barabara, shule. Watu wa kila kabila wakamiminika kutafuta kazi, na Mnubi aliyekuwa mkulima akawa mwenye vyumba vya kupangisha kama sisi wa Pumwani. Kwa muda mrefu hata uraia wao ulitiwa shaka. Kijana wa Kinubi akitaka kitambulisho alipelekwa mbele ya kamati ya wazee na maafisa kuulizwa babu yake alitoka wapi. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayosimamia haki za watoto iliamua kwamba Kenya imewakosea watoto wa Kinubi kwa kuwazuilia uraia wao. Asiye na kitambulisho hafungui akaunti, haajiriwi kazi ya maana, wala hawezi kuandikiwa ardhi.

Mwisho, mwezi wa Juni mwaka 2017, Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi hati ya ekari 288, iliyoandikwa kwa jina la jamii nzima chini ya wadhamini.

"Mlishukuru?" nilimuuliza.

"Tulilia," alijibu. "Wazee waliokuwa wakingoja tangu ujana walilia. Halafu tulipofuta machozi tukapiga hesabu. Mia mbili themanini na nane katika elfu nne mia moja tisini na saba, shemeji, haifiki sehemu saba katika mia."

Nikamuuliza tena, kwa kuwa binamu yangu alikuwa akinikanyaga mguu niulize, kama sasa anaweza kwenda benki akakopa ajenge ghorofa. Alicheka.

"Hati ni yetu, si yangu. Siwezi kuuza, na sikitiki. Lakini siwezi kuweka rehani wala kumwandikia mwanangu. Mimi nimesimama juu ya ardhi yangu, na bado sina pa kutia sahihi."

NUSU KWA NUSU

Tuliporudi Pumwani usiku huo niliketi peke yangu nikalinganisha. Jamii mbili za Waislamu katika mji mmoja. Mmoja akisali Riyadha Pumwani na mwenziwe Makina, wanaelekea kibla kimoja. Wote wawili hula kutokana na vyumba vya kupangisha. Wote wawili walikuwapo Nairobi kabla ya wengi wanaowaita wageni. Lakini kila mmoja ana nusu ya kitu.

Mtu wa Pumwani ana nyumba iliyo yake, kadhi anaijua, warithi wanaijua, majirani wanaijua. Anaweza kuiuza kesho. Asichokuwa nacho ni ardhi chini yake, na kwa hiyo akiuza anauza kwa hasara. Mtu wa Kibra ana ardhi ambayo, kwa hizo ekari 288, hakuna wa kumfukuza tena. Asichokuwa nacho ni sehemu yake iliyoandikwa kwa jina lake, na kwa hiyo hawezi kuitumia kupanda ngazi. Wa kwanza yuko katika hatari ya kutawanyika, mmoja mmoja, kila mrithi na vipesa vyake mfukoni. Wa pili hatatawanyika, lakini huenda akakaa alipo, akitazama maghorofa ya mitaa ya jirani yakijengwa juu ya yale mashamba ya babu yake.

Ukiniuliza nani tajiri, sitasema mwenye kodi kubwa. Nitakuuliza wewe: wajukuu wake watakuwa wapi?

MBALI NA KWETU

Mambo haya si ya Nairobi peke yake. Ziko nchi mbili nyingine za visiwa, moja ya joto na moja ya barafu, ambazo hazifanani kwa lolote ila kwa hili.

Visiwa vya Bahama, vilivyopata uhuru kutoka kwa Uingereza mwaka 1973, husifiwa kwa utajiri. Watalii humiminika, mabenki yamejaa, na mtu hakatwi kodi ya mapato. Lakini huko nako, hasa katika visiwa vya mbali na mji mkuu Nassau, ziko aila nyingi za kizazi cha watumwa walioachiliwa, zinazokaa juu ya ardhi ya ukoo iliyopokezanwa kwa mdomo bila hati safi. Warithi wamekuwa wengi, hakuna anayeweza kukopa juu yake, na mwenye pesa akija na wanasheria wake, ukoo hushindwa kujitetea. Nchi tajiri, na mwenye nyumba yuko kama bibi yetu wa mahamri.

Kaskazini kabisa, katika jimbo la Alaska la Marekani, kuna Waaleuti, wavuvi na wawindaji wa visiwa vya baridi kali. Hao walionja dhuluma ya wazi. Mwaka 1942, wakati wa vita na Japani, watu wapatao 880 wa vijiji vyao waliondolewa na serikali yao wenyewe wakatiwa katika kambi mbovu, na wengi wakafia humo. Mwaka 1988 serikali iliomba radhi na kupitisha sheria ya kumlipa kila aliyenusurika dola 12,000. Lakini kabla ya hapo, mwaka 1971, ilipitishwa sheria nyingine iliyowahusu wenyeji wote wa Alaska. Walipewa ekari milioni 44 na fidia ya dola karibu milioni 963, navyo havikugawanywa mkononi kwa kila mtu. Ziliundwa kampuni za wenyeji, Waaleuti wakapata yao, na kila mtu akaandikiwa hisa kwa jina lake. Hisa hizo hurithiwa, huleta gawio kampuni ikipata faida, lakini haziuzwi sokoni kwa mgeni.

Sisemi Waaleuti wametajirika, maana maisha ya visiwa vile ni magumu na kazi ni haba. Ninachosema ni kwamba walipata zile nusu mbili kwa pamoja: ardhi ya wote isiyotawanyika, na jina la kila mmoja katika daftari.

Wala sisi Waislamu hatukukosa dawa yetu. Wazee wa pwani walijua wakfu wa dhuria, ambapo mtu huifunga mali isiuzwe, manufaa yake yakawaendea watoto na wajukuu. Mahakama za Waingereza zilipinga wakfu wa namna hiyo kwa miaka mingi, hata kesi ya aila moja kutoka Mombasa ikafika London, na ikabidi sheria ya Kenya ya mwaka 1951 iuhalalishe waziwazi. Lakini huwezi kuweka wakfu kitu usichokimiliki. Kuta za udongo juu ya kiwanja cha baraza ni msingi dhaifu kwa wakfu. Hata dawa yetu wenyewe, msomaji, inadai karatasi.

KIKAO

Tulikutana siku ya tatu baada ya sala ya Alasiri, ukumbini, mikeka imetandikwa. Mkaza mjomba aliketi mlangoni pa chumba chake. Mwana mdogo wa mjomba ndiye aliyetaka kuuza, na sikuweza kumlaumu. Binti yake amepata nafasi chuoni, karo inadaiwa, na nusu ya kodi ya vyumba vyake humalizwa na ukarabati wa bati linalovuja.

"Kaka," aliniambia, "wewe una kazi yako Mombasa. Mimi nikingoja hati ya Pumwani, binti yangu atakuwa nyanya."

Watu walikaa kimya. Lilikuwa neno la kweli. Wameahidiwa hati mara ngapi? Miradi ya kuvunja Majengo na kujenga ghorofa wameisikia tangu ujana wao, na ghorofa zilizojengwa Pumwani hazikumaliza mzozo wa nani apewe na kwa bei gani.

Nikawaeleza niliyoyaona Kibra, na ile habari ya hisa za Waaleuti. Nikawauliza jambo moja tu: pesa za mnunuzi zikigawanywa leo kama mirathi ilivyo, mama atapata kiasi gani, na kwa kiasi hicho atapanga chumba wapi Nairobi, kwa miezi mingapi? Binamu yangu wa tatu, aliye mwalimu, alichukua kalamu akapiga hesabu. Alipomaliza hakuisoma. Alimpa nduguye karatasi akaisoma mwenyewe, kisha akaikunja akaitia mfukoni.

Mama ndiye aliyevunja kimya.

"Usiache mbachao kwa msala upitao," alisema. "Mbacha wangu huu mimi naujua. Huo msala sijui utapita ukielekea wapi."

Tuliyokubaliana si makubwa, na huenda wengine wakayaona madogo. Kwanza, lilinunuliwa daftari. Ndani yake kila mrithi ameandikwa kwa jina na sehemu yake, hata ile thuluthi ya chumba ya mama, na litapelekwa kwa kadhi litiwe muhuri. Pili, kodi itakusanywa na mtu mmoja, ambaye ni yule mwalimu, na kugawanywa kwa sehemu badala ya kwa vyumba, ili mwenye chumba kinachovuja asiumie peke yake. Tatu, kabla ya kugawanywa, fungu litatengwa kila mwezi kwa ajili ya kufuatia kiwanja: kupimwa, kutafuta mwanasheria, na kuungana na wenye nyumba wengine wa Majengo kudai hati, maana mwenye nyumba mmoja akienda peke yake huambiwa arudi kesho. Nne, hakuna atakayeuza sehemu yake kwa mgeni kabla ya kuwapa nduguze nafasi ya kuinunua. Hiyo ndiyo shufaa, na fikihi yetu inaijua kabla ya kampuni za Alaska.

Na karo? Dada watatu walikubali kumwachia ndugu yao sehemu zao za kodi kwa mihula miwili, ziandikwe humo humo daftarini kama deni. Alikubali, lakini hakufurahi, na alipoinuka hakumpa mtu mkono ila mamake. Sitaki kumdanganya msomaji kwamba tulimaliza kwa vicheko. Mnunuzi angali anapiga simu. Leseni ingali ya muda. Mvua za masika zikianza, bati lile litavuja.

Usiku, kabla sijaondoka, mkaza mjomba aliniita chumbani kwake. Alikuwa amekaa kitandani, daftari jipya liko magotini, ingawa bila miwani haoni maandishi.

"Nionyeshe nilipo," alisema.

Nilimshika kidole nikakiweka juu ya jina lake. Akakiacha hapo kwa muda, kisha akafunga daftari akaliweka chini ya mto, pale ambapo mama mkwe wake, muuza mahamri, alikuwa akiweka ile leseni.

Ewe unayesoma haya Mombasa, Malindi, Lamu au Kwale, huenda nawe unakaa katika nyumba ya namna hiyo, iliyojengwa na mzee ambaye hayupo, juu ya ardhi ambayo hujui imeandikwa kwa jina la nani. Usingoje mnunuzi apige simu ndipo muulizane. Waiteni ndugu mngali mnapendana, mhesabu vyumba mngali mnavyo, na mnunue daftari. Bei yake haizidi ya sahani ya mahamri na mbaazi.